Wanda Mmoja wa Maji

Weka kidole gumba chako kwenye ukingo wa gazeti hili, utazame upana wake. Ni kama sentimita mbili hivi. Kabla futi kamba hazijajaa madukani, wazee wetu wa pwani walipima vitu kwa viungo vya mwili: pima, dhiraa, shibiri, na kipimo kidogo kuliko hivyo vyote, wanda, yaani upana wa kidole. Fundi wa jahazi akikosea wanda mmoja katika kuunganisha mbao, bahari ndiyo iliyomwambia.

Jioni ya Julai 29, 2017, katika bwawa la Danube Arena mjini Budapest, Hungary, Farida Osman wa Misri alifika ukutani akiwa nyuma ya Ranomi Kromowidjojo wa Uholanzi kwa wanda mmoja. Mholanzi alitumia sekunde 25.38, Farida 25.39. Sarah Sjöström wa Sweden alikuwa amekwisha kufika, kwa sekunde 24.60. Ilikuwa fainali ya wanawake ya mita 50 kwa mtindo wa kipepeo katika Mashindano ya Dunia ya Kuogelea, na shaba ya Farida ndiyo iliyokuwa medali ya kwanza ya Misri katika mashindano hayo.

Nimeitazama video ya mbio zile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara macho yangu hukimbilia ukutani, pale mikono inapofika. Kilichomtenga Farida na medali ya fedha kilikuwa kidogo kiasi hicho. Kinachomtenga binti wa pwani yetu na bwawa lile ni kikubwa zaidi, lakini hakitokani na kipaji wala umbo la mwili. Kinategemea kama alipokuwa mdogo alipata mtu wa kumshika mkono na kumwingiza majini.

Pumzi moja, ukuta mmoja

Kati ya mitindo minne ya kuogelea, kipepeo ndio unaomchosha mwogeleaji upesi. Mikono yote miwili hutoka majini kwa pamoja, huruka juu ya uso wa maji kama mbawa, kisha huingia tena mbele ya kichwa. Miguu hubanwa na kupiga kama mkia wa pomboo: teke moja mikono inapoingia, jingine inapotoka. Katika mtindo huru mkono mmoja hupata kupumua kidogo wakati mwenzake unavuta maji. Katika kipepeo hakuna wa kumpokea mwenzake. Mabega mawili hubeba mzigo wote, na yakichoka huchoka pamoja.

Mbio za mita 50 zina sehemu tatu, na kila moja inaweza kukunyang'anya medali. Ya kwanza ni mruko. Filimbi ndefu hupulizwa, waogeleaji wanapanda jukwaani, wanainama na kushika ukingo, mlio unasikika, wanachomoka. Ya pili haionekani na watazamaji waliokaa mbali: mateke ya chini ya maji. Sheria inataka kichwa kiwe kimetokeza kufikia mita 15 kutoka ukutani, kwa hiyo karibu theluthi ya mbio inaweza kuogelewa chini kwa chini, mikono imenyooshwa mbele na mwili ukipiga mawimbi kuanzia kifuani hadi vidoleni. Anayejua kupiga mateke hayo hutokeza akiwa ameshaacha wenzake. Asiyejua hutumia mita zote zilizobaki kulipa deni.

Ya tatu ni ukuta. Katika kipepeo lazima mikono yote miwili iguse kwa wakati mmoja. Ukigusa kwa mkono mmoja, umeondolewa. Hapo ndipo penye mtego. Kama mwogeleaji atamaliza mkupuo wake wa mwisho akiwa bado mbali na ukuta, atabaki anateleza mikono imenyooka, kasi ikimtoka. Kama atakuwa karibu mno, mikono haitapata nafasi ya kufunguka na ataufikia ukuta viwiko vikiwa vimekunjwa. Basi mazoezini huhesabu mikupuo, siku baada ya siku, ili wa mwisho uangukie mahali pake kama ufunguo katika kufuli.

Na pumzi? Ukiinua kichwa kuvuta hewa, nyonga huzama, na nyonga zikizama maji hukuvuta nyuma. Ndiyo maana waogeleaji wengi wa kiwango cha juu hawapumui zaidi ya mara moja au mbili kutoka jukwaani hadi ukutani. Mtazame mtu aliyemaliza mbio hizi: kitu cha kwanza anachofanya, kabla ya kutafuta jina lake kwenye ubao, ni kufungua kinywa kwa upana wake wote.

Hesabu ya wanda

Mwogeleaji anayemaliza mita 50 kwa sekunde 25 huenda kwa wastani wa mita mbili kila sekunde. Gawanya sekunde hiyo mara mia moja, utapata sentimita mbili. Huo ndio wanda niliokuambia upime kwa kidole chako. Kipimo hicho hakichukuliwi kwa jicho la mwamuzi. Kwenye ukuta wa kila njia huwekwa kibao cha umeme chenye upana wa mita 2.4 na unene wa sentimita moja, na kikibonyezwa tu saa husimama.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini wasihesabu hadi sehemu ya elfu ya sekunde ili tusiwe na ubishi? Walijaribu. Katika Olimpiki ya Munich ya 1972, Gunnar Larsson wa Sweden na Tim McKee wa Marekani walimaliza mita 400 za mitindo mchanganyiko kwa muda uleule, dakika 4 na sekunde 31.98. Waamuzi wakazama kwenye tarakimu ya tatu, wakampa Larsson dhahabu kwa tofauti ya sehemu mbili za elfu za sekunde. Baadaye wahusika walikubaliana kwamba haikuwa haki. Katika sehemu moja ya elfu ya sekunde mwogeleaji husogea kama milimita mbili tu, na hakuna mjenzi awezaye kuapa kwamba njia zote nane za bwawa zinalingana urefu kwa milimita mbili. Tangu hapo wanaofungana katika sehemu ya mia hugawana medali.

Kwa hiyo sehemu ya mia ya sekunde ndiyo tofauti ndogo kuliko zote ambayo mchezo huu unaweza kuitambua kwa haki. Na imewaliza wengi. Torri Huske wa Marekani alikuwa na miaka 18 katika Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021, alipoogelea fainali ya mita 100 za kipepeo. Maggie Mac Neil wa Canada, aliyekuwa wa saba walipogeuka kwenye ukuta wa mita 50, aliwapita wote na kushinda kwa sekunde 55.59. Macho yake hayaoni mbali, na ilibidi ayakazie kuusoma ubao kabla hajaamini. Zhang Yufei wa China alipata 55.64, Emma McKeon wa Australia 55.72. Huske: 55.73. Alikosa medali kwa wanda.

Miaka mitatu baadaye, katika Olimpiki ya Paris, Huske alirudi katika mbio zilezile. Mwenzake wa Marekani, Gretchen Walsh, ndiye aliyekuwa anashikilia rekodi ya dunia, na ndiye aliyeongoza sehemu kubwa ya njia. Kwenye mita za mwisho Huske alimkaribia, mkupuo wake wa mwisho ukaangukia mahali pake, akagusa kwa 55.59 dhidi ya 55.63. Nyanda nne hivi. Binti yule aliyepoteza kwa kidole kimoja alikuwa ametumia miaka mitatu kujifunza kufika ukutani.

Mbio zilizokosa kiti

Kipepeo ni mtindo kijana. Ulizaliwa ndani ya mtindo wa kifua miaka ya 1930, pale baadhi ya waogeleaji walipogundua kwamba kurudisha mikono mbele kwa kuipitisha juu ya maji kulikuwa na kasi zaidi kuliko kuipitisha chini. Ulipotenganishwa na kuwa mtindo wake wenyewe, wanawake waliogelea mita 100 za kipepeo kwa mara ya kwanza katika Olimpiki ya Melbourne ya 1956, na Shelley Mann wa Marekani akashinda kwa dakika 1 na sekunde 11. Mwaka 1981 Mmarekani mwingine, Mary T. Meagher, aliogelea kwa sekunde 57.93, rekodi iliyodumu miaka 18. Mei 2025, huko Fort Lauderdale, Walsh alishuka hadi 54.60.

Lakini mita 50 za kipepeo, mbio za Farida, zilikuwa mtoto wa kambo. Ziliingizwa katika Mashindano ya Dunia mwaka 2001 mjini Fukuoka, Japani, ambako Inge de Bruijn wa Uholanzi alishinda kwa sekunde 25.90. Olimpiki haikuzipa nafasi. Sjöström alipoivunja rekodi ya dunia mjini Borås, Sweden, Julai 2014, aliishusha kutoka 25.07 hadi 24.43. Zaidi ya nusu sekunde kwa mara moja, katika mbio ambazo watu hulilia sehemu ya mia! Hata hivyo, malkia huyo wa mita 50 alilazimika kwenda Olimpiki na kushindana katika mbio nyingine, kana kwamba hodari wa bao aambiwe acheze karata.

Kwa Farida hali ilikuwa ngumu zaidi. Alizaliwa Indianapolis, Marekani, mwaka 1995, akakulia Misri. Mwaka 2011, akiwa na miaka 16, alitwaa dhahabu ya mita 50 za kipepeo katika Mashindano ya Dunia ya vijana mjini Lima, Peru. Alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako msichana mwenye kasi haogelei peke yake; kulia na kushoto kwake kuna wengine wenye kasi kama yake, kila asubuhi. Mwaka 2015 mjini Kazan, Urusi, alifika fainali ya dunia ya mita 50. Mwaka uliofuata, katika Olimpiki ya Rio, mbio zake hazikuwamo. Aliingia mita 100 za kipepeo, akaishia nusu fainali.

Ukijua hayo ndipo unapoelewa uzito wa shaba ya Budapest. Kwa dada huyu, mashindano ya dunia ndiyo yaliyokuwa mlango wa pekee. Aliusubiri, na ulipofunguka kwa sekunde 25 alipita. Miaka miwili baadaye, katika mashindano ya Gwangju, Korea Kusini, alipita tena: Sjöström 25.02, Kromowidjojo 25.35, Farida 25.47. Wanawake watatu walewale, kwa mpangilio uleule. Hakuna aliyeweza kusema tena kwamba Budapest ilikuwa bahati.

Aprili 2025 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitangaza kwamba mbio za mita 50 za kipepeo, mgongo na kifua zitaogelewa katika Olimpiki ya Los Angeles ya 2028. Wakati huo kamati hiyo ilikuwa imekwisha kumchagua rais mpya: Kirsty Coventry wa Zimbabwe, mwogeleaji mwenye medali saba za Olimpiki. Mtoto wa kambo amepewa kiti mezani, na anayekaa kwenye kiti kikuu cha meza hiyo ni mwanamke Mwafrika aliyekulia bwawani.

Viganja vilivyoandikwa

Katika mashindano yaleyale ya Gwangju kuna jambo lililotokea nje ya maji ambalo mimi siwezi kulitenganisha na mbio hizi. Julai 22, 2019, Mac Neil, akiwa na miaka 19, alimshinda Sjöström katika mita 100 za kipepeo, 55.83 kwa 56.22, na McKeon akawa wa tatu. Walipopanda jukwaani kuvishwa medali, wote watatu waliinua mikono na kufungua viganja. Walikuwa wameviandika kwa wino jina la Rikako Ikee wa Japani, na neno la kumsihi asikate tamaa.

Ikee alikuwa ndiye nyota wa kipepeo wa Asia. Mwaka mmoja kabla, akiwa na miaka 18, alitwaa dhahabu sita katika Michezo ya Asia mjini Jakarta. Februari 2019 aligundulika kuwa na saratani ya damu. Wakati wenzake wanapanda jukwaani Gwangju, yeye alikuwa katika matibabu, na hakuna aliyejua kama angerudi kuogelea.

Viganja vile sita ni vilevile vilivyokuwa vimegombania ukuta dakika chache zilizopita. Ninapoitazama picha ile, naona kwamba wanaopigania wanda mmoja ndio wanaojua thamani ya mtu wa njia ya pembeni. Ukiishi kwa kufukuza sehemu ya mia ya sekunde, anayekufukuza ndiye anayekuongezea kasi, na akikosekana kila mtu hupungukiwa.

Ikee alitoka hospitalini Desemba 2019. Agosti 2020 alirudi mashindanoni. Aprili 2021 alishinda mita 100 za kipepeo katika mashindano ya taifa ya Japani kwa sekunde 57.77, akalia mbele ya nchi nzima, na muda ule ukampa nafasi katika timu ya kupokezana ya Olimpiki ya Tokyo, michezo ambayo isingemkuta tayari kama UVIKO-19 haikuisogeza mbele mwaka mzima. Mwaka 2023, katika Michezo ya Asia mjini Hangzhou, aliogelea fainali ya mita 50 za kipepeo na kupata shaba. Aliyetwaa dhahabu, Zhang Yufei wa China, alimkumbatia, na wote wawili wakalia.

Na pwani yetu?

Sisi tuna maji mengi: bahari kutoka Lamu hadi Mtwara, na maziwa ya Victoria, Tanganyika na Nyasa. Wala kipepeo si mgeni Afrika Mashariki. Jason Dunford wa Kenya aliogelea fainali ya Olimpiki ya mita 100 mjini Beijing mwaka 2008 na kumaliza wa tano, na mwaka 2010 mjini Delhi alishinda dhahabu ya mita 50 za kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Ila Dunford ni mwanamume. Binti zetu bado wako ukingoni.

Sababu tunazijua. Mzazi anaogopa maji kwa sababu naye hakufundishwa. Mwalimu wa kuogelea, akipatikana, ni mwanamume. Vazi la kuogelea linamtia binti na familia yake haya. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na kwa msichana wa pwani ugumu umekuwa palepale penye neno la kwanza, kuvua.

Kuna waliopata jibu. Huko kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuelea, kuogelea na kuokoa wengine. Mpiga picha Anna Boyiazis aliwapiga picha wanafunzi wa shule ya msingi Kijini wakijifunza baharini Muyuni, na picha hizo zikatunukiwa katika World Press Photo ya 2018. Wamevaa mavazi yanayofunika mwili mzima, na hijabu kichwani. Mmoja amelala chali juu ya maji ya kijani, macho kaelekeza mbinguni, amekwisha kuamini kwamba bahari inaweza kumbeba. Mabinti wa Muyuni wameyaoga maji bila kuyavulia nguo. Walimu wao walichofanya ni kubadili vazi na kuweka mwalimu anayeaminiwa na wazazi, na mlango uliokuwa umefungwa vizazi na vizazi ukafunguka.

Hapo ndipo pa kuanzia. Kuokoa maisha kwanza, kwa sababu sisi ni watu wa vivuko, ngalawa na mitumbwi, na tumezika wengi. Medali itafuata baadaye, na mita 50 za kipepeo zinatufaa kuliko mbio nyingi. Hazihitaji bwawa kubwa kila siku. Bwawa la mita 25 linatosha kufundishia mruko, mateke ya chini ya maji na namna ya kufika ukutani, na mabwawa ya ukubwa huo yapo katika baadhi ya shule na vilabu vyetu. Kinachotakiwa ni saa mbili kwa juma zilizotengwa kwa ajili ya wasichana, mwalimu mwanamke anayelipwa, na mavazi yanayowapa wazazi utulivu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kusafirisha ujumbe wa maofisa kwenda kutazama wengine wakiogelea.

Jioni moja nilikaa Forodhani, Zanzibar, kutazama wavulana wakikimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani, kama wafanyavyo kila jioni maji yakijaa. Mmoja alikunja miguu angani, mwingine aliingia kwa kichwa bila hata kurusha tone. Pembeni alikaa binti wa miaka kama tisa, amepakata shati na kandambili za kaka yake. Kila kaka aliporuka, vidole vya miguu ya binti yule vilijikunja kushika jiwe, magoti yakainama kidogo, mwili ukaenda mbele, kisha ukarudi. Mwili wake ulikuwa umeshajifunza mruko kwa kutazama tu.

Adhana ya magharibi ilipoanza, kaka alipanda, akachukua shati lake, akavaa likimganda mgongoni. Waliondoka wakiongozana. Kaka aliacha nyayo za maji kwenye mawe hatua kwa hatua. Nyuma yake binti alitembea kwa miguu mikavu.